Watoa Huduma za Harusi Kigoma: Nani Aliuliza Kabla ya Kutaja Bei

Tathmini hii inahusu mpishi, mpambaji, mshereheshaji, dijei na mpigapicha waliohudumu katika harusi ya mpwa wangu, iliyofanyika Kigoma mjini mwezi Julai 2024 katika eneo la wazi lililo karibu na ufukwe wa ziwa, upande wa Bangwe. Nilikuwa mhazini wa kamati, na kwa hiyo kila shilingi iliyotoka ilipita mikononi mwangu, na kila aliyetaka kulipwa alinitafuta mimi kwanza. Majina yao sitayataja, kwa sababu wengi wao wanafanya kazi kwa simu zao wenyewe, bila ofisi wala kibao cha barabarani, na neno moja baya lililoandikwa laweza kumnyima mtu riziki ya msimu mzima. Nitaeleza kazi yao kwa undani wa kutosha ili anayeandaa shughuli yake ajue mahali pa kutazama.

Kamati nyingi za hapa kwetu huchagua kwa picha. Mjumbe mmoja huweka kwenye kundi la WhatsApp picha za jukwaa lenye maua meupe na taa za buluu, wajumbe wengine huitikia kwa alama za moyo, na kufikia jioni mtu huyo anahesabiwa kuwa amekwisha kupata kazi, ingawa hakuna aliyeuliza kama jukwaa lile lilikuwa la kwake au aliliokota mtandaoni. Picha haisemi chakula kilitoka saa ngapi, haisemi jenereta lilizima mara ngapi, wala haisemi kama salio lilidaiwa kwa adabu au kwa kelele mbele ya wakwe. Baada ya kuzungumza na watu wengi wa kazi hizi, nimeona kwamba linalowatenganisha mapema kabisa ni maswali wanayomuuliza mteja kabla ya kutaja bei. Wale waliouliza mengi ndio waliotufaa, na yule aliyeuliza moja tu ndiye aliyetusumbua.

Nianze na chakula, kwa kuwa ndicho kilichokula sehemu kubwa ya bajeti na ndicho wageni wa Kigoma wanachokizungumzia hata mwaka mzima baadaye. Tuliomba bei kwa wapishi kadhaa wa shughuli. Mmoja alitaja bei ya sahani kabla hatujamaliza kusalimiana. Mwingine alituma orodha ndefu iliyochapwa vizuri, ambamo samaki wa ziwani, migebuka wa kukaanga na kuhe wa kuchoma, walipewa nafasi ya mbele kabisa, na hapo ndipo tulipoanza kumtilia shaka, kwa sababu harusi yetu ilikuwa Julai. Mwaka huo shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi 4 zinazolizunguka ziwa hilo, ili samaki wapate kuzaliana. Kila mkazi wa Kigoma alikuwa anajua, maana hata bei ya dagaa wakavu sokoni Mwanga ilikuwa inatukumbusha kila siku, lakini orodha ya mpishi huyo ilikuwa ya mwaka mwingine na hakujishughulisha kuibadilisha.

Mama tuliyemchukua, ambaye ni mkazi wa Mwanga na amekuwa akipikia maharusi na maulidi kwa miaka mingi, alisikiliza tarehe, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kaka, ziwa limefungwa. Hao samaki mnaotaka wazee wale, mtawatoa wapi?" Hakungoja jibu. Alipendekeza kwamba wageni wote wapewe pilau, nyama ya ng'ombe na kuku wa kienyeji, na kwamba meza za wazee ziongezewe dagaa wakavu walioungwa kwa mawese, ambao yeye mwenyewe alikuwa amewaweka akiba kabla ya ziwa kufungwa. Alisema wazi kwamba hawatatosha kwa watu wote, na kwamba asingekubali kuwaandika kwenye orodha ya jumla halafu nusu ya wageni wawasikie tu kwa harufu. Nilipomuuliza anafanyaje katika miezi ya kawaida, alieleza kwamba jambo la kwanza analoangalia ni mwezi wa angani. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali samaki hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi wengi hupumzisha vyombo, na bei katika mwalo wa Kibirizi hupanda hata kwa mnunuzi aliyewahi alfajiri. Kwa hiyo mteja anayetaka samaki wabichi kwa wingi humshauri asogeze tarehe yake, na asipoweza kusogeza humshauri abadilishe chakula.

Swali lake la pili lilihusu mchinjaji. Familia ya bibi harusi ina asili ya Ujiji na Waislamu ni wengi, wakati upande wetu wa Kasulu ni Wakristo, na ingawa kila mtu mjini anajua kwamba nyama ya shughuli huchinjwa na Mwislamu ili watu wote wale kwa amani, yeye alitaka kujua jina la atakayechinja na saa atakayofika. La tatu sikulitarajia kabisa: aliuliza kama kamati ilikuwa imekwisha kukodi masufuria, na kama tumekodi, kwa nani. Alieleza kwamba masufuria ya kukodi huzunguka mji mzima, mengine yamepikiwa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, wiki iliyopita, na kwamba akina mama wa Ujiji hawaulizi chakula kimepikwa na nani bali kimepikwa katika chombo gani. Alikuja na vyake. Sijui ni kamati ngapi zimewahi kulifikiria jambo hilo. Yetu haikuwa imelifikiria.

La nne lilihusu wageni wa Kasulu watakaofika usiku wa kuamkia harusi: watalala wapi, na watakunywa chai ya nani asubuhi. Wapishi wengine walihesabu sahani za jioni peke yake, na laiti tungewafuata, basi zima la watu lingeamkia mikononi mwa shangazi mmoja mwenye chupa mbili za chai.

Kuhusu bei, alitutoza shilingi 14,000 kwa sahani, wakati aliyekuwa chini kabisa alitaja 10,000. Wajumbe wawili walitaka twende na bei ya chini, na mabishano yakawa marefu, mpaka tulipokaa na kuandika nini kimo katika kila bei. Katika bei ya 10,000 hamkuwa na kuni, hamkuwa na maji, hamkuwa na usafiri wa vyombo, wala malipo ya wahudumu na waosha vyombo, na kila kimoja kati ya hivyo kingelipwa na kamati siku ya shughuli, wakati ambapo hakuna mtu mwenye nafasi ya kubishana. Tulipojumlisha, tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo kiasi kwamba waliokuwa wakiitetea waliacha wenyewe. Ningemshauri kila mhazini asipokee bei ya sahani bila orodha ya vilivyomo, na zaidi ya hapo, orodha ya visivyokuwamo.

Mama huyo hakubali kuonjesha chakula kama sampuli, na jambo hili liliwakera baadhi yetu. Badala yake alituelekeza twende kwenye khitma moja Ujiji ambako alikuwa anapika, tukae kama wageni wengine, tule, tutazame. Nilirudi nikiwa nimeridhika zaidi kuliko ambavyo sahani moja iliyopikwa kwa makini nyumbani ingeniridhisha, kwa sababu nilimwona akifanya kazi wakati watu wamekwisha kuanza kupanga foleni na mvuke wa sufuria unampiga usoni. Siku yetu alifanya vilevile. Nyama ilipopokelewa ilipimwa kwa mizani mbele ya wajumbe wa kamati na uzito ukaandikwa katika daftari lake la kurasa zilizolowa mafuta, nami nikatia sahihi. Usiku ule akina mama wake walichagua mchele kwenye nyungo chini ya taa moja, na pilau ilipokauka maji ilipaliwa makaa juu ya mfuniko hadi punje zikaachana. Wakati wa kugawa, wali na mboga waligawa wasaidizi, lakini kwenye sufuria ya nyama alisimama yeye mwenyewe na hakumwachia mtu upawa hata alipoitwa kupigwa picha. Matokeo yake ni kwamba meza ya mwisho, ile ya vijana waliokuja bila kadi na ambayo kila harusi ya Kigoma huwa nayo, ilipata nyama kama meza ya kwanza.

Kasoro zake zipo. Sahani zilipungua katikati ya foleni, ikabidi wasaidizi waoshe na kufuta huku watu wamesimama, na kachumbari ilifika wakati meza za mbele zimekwisha kumaliza kula. Nilipomweleza, alikubali upungufu wa sahani, akakataa wa kachumbari, akisema kwamba nyanya iliyokatwa mapema hutoa maji, hoja ambayo ni ya kweli ingawa haiwasaidii waliokula bila kachumbari. Pamoja na hayo, chakula kilichobaki alikikabidhi kwa mama wa nyumba sufuria kwa sufuria, kikiwa kimefunikwa, jambo ambalo wazoefu wa shughuli za mjini wanajua kuwa halitokei kila mara.

Mpambaji ndiye aliyeuliza swali moja tu, nalo lilikuwa: "Rangi gani?" Tulimjibu kuwa ni kijani na dhahabu, akaandika, akaondoka. Picha zake zilikuwa nzuri kuliko za wote, na nakiri kwamba vitambaa alivyoleta vilikuwa safi, vimepigwa pasi, na viti alivifunga kwa ustadi. Lakini picha zile zote zilipigwa ndani ya kumbi, na yeye hakuwahi kufika eneo letu kabla ya asubuhi ya harusi. Mtu yeyote aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika anajua kwamba miezi ya kiangazi ina upepo wake kutoka kusini, na kwamba mahali palipotulia saa nne asubuhi huenda pasishikike alasiri. Alisimamisha nguzo nyembamba za chuma juu ya vitako vyepesi, akazitandazia kitambaa kipana cha ukuta wa nyuma ya maharusi, na kitambaa hicho kilipopata upepo kilijaa kama tanga la jahazi na kuisukuma safu nzima mbele, juu ya meza ya keki ambayo kwa bahati ilikuwa bado tupu. Tao la maputo lilikatika vipande viwili, na kimoja kilielekea ziwani huku watoto wakikikimbiza.

Aliyeokoa jukwaa ni mjomba wa bibi harusi, ambaye ni mvuvi na ambaye kwa sababu ya kufungwa kwa ziwa alikuwa na nafasi na kamba za kutosha. Alitoboa kitambaa mahali kadhaa ili upepo upite, hatua ambayo mpambaji aliipinga kwa sauti kubwa, akajaza mchanga kwenye mifuko ya salfeti, akaifunga chini ya kila nguzo, kisha akavuta kamba mbili hadi kwenye mwembe uliokuwa nyuma. Kazi hiyo ilikwisha kabla maharusi hawajafika kutoka kanisani. Kwa harusi ya ukumbini, penye kuta na dari, mpambaji huyu anaweza kazi yake, na sina sababu ya kumzuilia mtu. Kwa shughuli ya ufukweni, iwe Bangwe, iwe Kibirizi, mteja amtake mpambaji afike eneo husika alasiri, si asubuhi, asimame pale na kueleza kwa mdomo wake kila nguzo itashikwa na nini.

Mshereheshaji alikuja kwenye kikao cha kamati na karatasi. Alitaka orodha ya majina ya wazazi, wajomba na mashangazi wa pande zote mbili jinsi wanavyopenda kuitwa, alitaka kujua nani anatangulia kutoa zawadi kwa mila za kila upande, na kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kuna aliyefiwa karibuni. Baba wa bibi harusi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mshereheshaji alilichukua jambo hilo kwa uzito wake: hakuna mahali popote jioni ile aliposema "wazazi wote wawili wasimame," na mahali pa baba alimwita baba mkubwa kwa jina na cheo chake, akampa muda wa kusimama na kutulia kabla ya kumpa kipaza sauti. Mama wa bibi harusi alinitafuta siku iliyofuata ili nimfikishie shukrani. Zaidi ya hayo, aliwaamkia wazee wa Kasulu kwa Kiha, na utani wake kuhusu Waha na Wamanyema ulibaki ule unaochekwa na anayetaniwa, tofauti na washereheshaji wanaodhani kwamba kumdhalilisha mkwe ndiyo kuchangamsha ukumbi. Lililonikera ni kwamba aliingiza matangazo ya duka la mtu katikati ya zoezi la zawadi. Hatukukubaliana naye juu ya hilo, na kuanzia sasa ningeliandika kwenye makubaliano kwamba kipaza sauti cha harusi hakiuzwi.

Dijei alikuwa mtu wa maneno machache na maswali ya kifundi. Aliuliza umeme unatoka nyumba gani, waya una urefu gani, jokofu za vinywaji zimeunganishwa wapi, na kama jenereta litakuwapo, nani atanunua dizeli na nani ataliwasha. Mji huu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya TANESCO kabla ya mkoa kuunganishwa na gridi ya Taifa, na kwa hiyo mafundi wake wa zamani hawauamini umeme wa aina yoyote. Ulipokatika saa moja usiku, giza halikudumu kuliko muda wa wimbo mmoja. Alikuwa yeye pia, wala si mwenye eneo, aliyetukumbusha kufuatilia kibali cha shughuli mapema na kujua muziki unatakiwa kuzimwa saa ngapi. Sauti ilikuwa kubwa mno wakati wa chakula, na alipoombwa apunguze alipunguza kwa muda mfupi tu. Matarumbeta tuliyoyakodi kwa ajili ya msafara wa kutoka kanisani yalifika kwa wakati, yakapiga, yakalipwa, yakaondoka, na sina la kuongeza.

Mpigapicha alikuwa wa wastani. Picha za mnato ni nzuri, video ina muziki mwingi kuliko maneno, na hotuba ya baba mkubwa, ambayo familia iliihitaji zaidi, imekatwa katikati. Mwenye kukodi mpigapicha aandike hotuba ambazo hazitakiwi kukatwa, na asilipe fungu la mwisho kabla ya kupokea faili zote katika diski.

Hilo linanifikisha kwenye malipo, ambapo mengi huharibika bila wageni kujua. Fedha za harusi zetu ni za michango, na michango ina tabia yake: ahadi hutolewa kwa ukarimu kwenye kikao cha kwanza, kisha fedha zenyewe huja kwa kudonadona na kumiminika wiki ya mwisho. Mtoa huduma anayedai alipwe yote mwezi mmoja kabla haielewi kazi yake, na anayekubali kuja bila malipo yoyote ya awali naye ni wa kuogopwa, kwa kuwa akipata mteja mwenye fedha mkononi hana kinachomfunga kwako. Tulikubaliana na wote juu ya mafungu matatu: la kushika tarehe, la wiki ya shughuli, na la kumalizia baada ya kazi. Mpishi peke yake aliomba fungu la pili liwe kubwa zaidi, kwa sababu yeye hununua vitu sokoni, na ombi hilo lilikuwa la haki.

Kila mmoja alitia sahihi kwenye karatasi moja yenye tarehe, saa ya kufika, orodha ya vitu, bei, na jina la mtu atakayekuja badala yake akiugua. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini yakifika kwenye ubishi kila upande huwa na kumbukumbu yake, na kamati ya watu ishirini huwa na kumbukumbu ishirini. Malipo yote yalipitia simu, ili ujumbe wa muamala ubaki, na kila muamala niliuandikia umelipia nini. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliipata kwa mwenye eneo na kwa muuza vinywaji. Wengine walitoa stakabadhi za mkono, na mpambaji hakutoa yoyote mpaka nilipomwambia kwamba bila karatasi sina namna ya kulieleza fungu la mwisho mbele ya kikao cha kuvunja kamati.

Naye ndiye aliyekuwa wa mwisho kulipwa. Alidai salio lote pamoja na fidia ya kitambaa kilichotobolewa. Tulikaa naye, mwenyekiti na mimi, tukiwa na ile karatasi yenye sahihi yake, ambayo ilitaja tao la maputo na "jukwaa imara la nje," maneno ambayo aliyaandika yeye mwenyewe kwa mkono wake. Tulikata thamani ya tao, tukamlipa jukwaa kwa sababu hatimaye lilisimama hadi usiku, na dai la kitambaa tukalikataa. Alikubali, akaandika stakabadhi, kisha kabla ya kuondoka akamwomba mwenyekiti namba ya simu ya yule mjomba mwenye kamba.